Mdogo wangu alimuua mama yetu kwenye tivii, na mama alikuwa anaangalia

Habari zenu humu ndani. Admin, naomba jina langu lisionekane kabisa, maana Sumbawanga tunajuana, na baadhi ya waliokuwa sebuleni kwangu siku ile wanausoma ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, nina mume na watoto wawili, nauza maharage na ulezi sokoni. Mama yangu mzazi naishi naye. Baba alishafariki. Tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume, nimwite Deo, ambaye ni mpishi Dar es Salaam.

Mwaka huu Deo aliingia kwenye shindano la kupika la kwenye tivii. Ni la kuchekesha tu, washiriki wanafungwa vitambaa machoni, wanakimbiza kuku, mtu anaunguza chapati watu wanacheka. Kila Jumapili jioni mama alikuwa wa kwanza kukaa mbele ya tivii. Akimwona Deo kajaa unga usoni, anacheka mpaka anashika mbavu. Jumuiya yetu nzima ya kanisani ilikuwa inamwombea.

Siku ya fainali mama alipika tangu tuliporudi kanisani, akavaa kitenge chake cha Pasaka, majirani wakajaa mpaka wengine wakakaa chini kwenye mkeka. Deo akapika ugali wa ulezi na migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika. Mama akaruka kwenye kiti. "Mnaona? Hicho mimi ndiye niliyemfundisha!" Jaji akaonja, akamwuliza nani alimfundisha kupika hivyo.

Deo akainamisha kichwa. "Ni marehemu mama yangu. Alifariki nikiwa darasa la tatu, kule kwetu Mbeya. Popote alipo naamini ananiona."

Majaji wakafuta machozi. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Sebuleni kwangu watu wote wakamgeukia mama. Binti yangu mdogo akauliza kwa sauti, "Bibi, kwani wewe umekufa?"

Mama akamvuta akampakata. "Hapana, mjukuu wangu. Mjomba anaigiza. Kwenye tivii huwa wanaambiwa cha kusema." Na Deo alipotangazwa mshindi, mama alipiga makofi. Peke yake. Majirani wakaanza kuaga mmoja mmoja, kila mtu kakumbuka shughuli nyumbani, na chakula chote alichopika kikabaki.

Ndugu zangu, ili mnielewe lazima niseme jambo ambalo hatulisemi. Zamani tulikaa kijijini. Mama ana macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni wa miaka mingi. Watoto wa jirani walipofariki kwa kufuatana, watu wakaanza kumnyooshea kidole. Wakachoma nyumba yetu tukiwa shambani. Deo alikuwa darasa la tatu. Shuleni walikuwa wanamrushia mawe wakimwita mtoto wa mchawi. Ndipo tukahamia mjini. Kwa hiyo mnaona wenyewe alichagua darasa la ngapi la kumuua mama.

Siku mbili baada ya fainali akapiga simu. "Shikamoo dada."

Nikamwambia, "Unampigia nani? Yatima mwenzako?"

Akalia. Akasema wiki ya kwanza alipotaja kwamba anatoka Sumbawanga, wenzake walicheka kwamba huku ni kwa wachawi, wakamwambia asije akawatupia radi. Mmoja akakataa kabisa kula chakula chake. Basi akasema alizaliwa tu huku, kwao ni Mbeya. Walipomwuliza habari za mama, uongo ukamtoka, na kila wiki ukaongezeka. "Dada, nilikuwa nataka tu waniache."

Nilianza kumhurumia, jamani. Halafu akasema kilichomfanya apige. Watu wa tivii wanakuja Jumamosi ya wiki inayofuata kumpiga picha na ndugu zake. Amewaambia mimi dada yake, niliyeolewa huku, ndiye niliyemlea. "Mpeleke mama kwa baba mdogo kule kijijini Mwazye, hata siku mbili tatu tu. Wakijua nilidanganya, nimekwisha. Nchi nzima itanicheka."

Nikamkatia simu. Mume wangu ameshatoa msimamo: "Mama haondoki kwenye nyumba yangu. Waje wamkute kakaa hapo mlangoni." Na mimi nilishakubaliana naye.

Tatizo ni mama mwenyewe. Tangu siku ile haendi jumuiya, sokoni haji, anakula tonge mbili anasema ameshiba. Jana nimerudi nikamkuta amepanga nguo zake kwenye mfuko, kumbe simu yote aliisikia, maana nilikuwa nimeiweka spika. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Mwazye. Nipandishe gari Ijumaa."

"Mama, wewe huna kosa. Kwa nini ujifiche?"

Akanijibu taratibu, hata hasira hana. "Wakinipiga picha, nchi nzima itayaona macho haya. Halafu watauliza kwa nini mtoto wangu aliona heri niwe nimekufa. Wewe utawajibu nini?"

Akaendelea kukunja khanga zake.

Nikimzuia, namweka mbele ya kamera asizozitaka, na Deo anaumbuka. Nikimpeleka, namzika mama yangu akiwa hai, tena kwa mikono yangu, kisha nisimame mbele ya watu nikubali kwamba mimi ndiye niliyemlea mtoto wake. Na huko Mwazye akiamua kutorudi? Namjua mama, hataomba kurudi.

Ijumaa ni kesho kutwa. Wenye hekima humu, na hasa wenye wazazi, naombeni ushauri wenu. Kama ni mama yako, ungefanya nini?