Somo la Ukurasa wa Yaliyomo

Shule yetu ilikuwa na kitabu kimoja tu ambacho hakikuwa cha dini. Kilihusu kilimo, kilikuwa na picha, na nilikipenda kuliko mshahara wangu, ambao nao haukuwa wa kupendeka. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, upande wetu wa mpaka na Ruanda, na watoto wangu wa darasa la nne walikuwa wamejifunza kusoma kwa Injili na kitabu cha nyimbo. Kwao kusoma kulikuwa kusimama wima, kuanza mstari wa kwanza na kwenda mpaka wa mwisho. Nyumbani, mtoto aliyeruka mstari wa Neno alichapwa.

Mkaguzi wa shule alikuwa amenieleza bila kuzunguka. Akirudi anataka kuona watoto wanaoweza kutafuta jambo kitabuni wenyewe. Wakishindwa, darasa la nne linafutwa, na anayetaka kuendelea aende misheni. Ni mwendo mrefu, na hakuna baba wa pale ambaye angemruhusu binti yake kuufuata.

Basi nikafundisha. Maandishi haya makubwa ni kichwa cha habari, yanakuambia chini yake kuna nini. Haya madogo chini ya picha yanaieleza picha, si mapambo. Na huku mwanzoni ni yaliyomo: tafuta jambo unalolitaka, soma namba, fungua ukurasa huo, mengine achana nayo.

Hapo kwenye kuachana nayo ndipo nilipogonga mwamba. Walinitazama kama mtu aliyewaambia waingie kanisani na kofia. Mmoja akauliza, "Mwalimu, na haya ya katikati atayasoma nani?" Niligonga meza kwa hasira, kisha nikaanza upya. Jioni nilikuwa narudi nyumbani nimechoka, najiona kama mjinga anayechota maji kwa tenga.

Aliyeelewa kweli alikuwa binti mmoja, mtoto wa mzee wa kanisa. Ukimtajia jambo, kidole chake kilishuka kwenye yaliyomo, kikasimama, na kurasa zikafunguka. Alicheka kila alipolipata. Nilimwekea matumaini yangu yote, na hilo lilinitia hofu.

Mkaguzi alipokuja, wazazi walikaribishwa, na mzee wa kanisa akakaa benchi la mbele, koti limefungwa vifungo vyote. Nilimwita binti yake. Mkaguzi akampa kitabu, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Majani ya mibuni yanapata kutu. Nitafanya nini? Nionyeshe."

Binti alifungua yaliyomo. Nilikiona kidole kikishuka. Halafu akainua macho, akamwona baba yake amevua kofia na kuinamisha kichwa, kama afanyavyo Neno linaposomwa. Kidole kikaondoka. Akarudi ukurasa wa kwanza, akasimama wima, akaanza kusoma dibaji kwa sauti ya ibada. Alisoma vizuri mno. Mkaguzi alisubiri, akatazama saa yake, akasubiri tena, kisha akakichukua kitabu mikononi mwake taratibu.

Nje, kabla hajapanda gari, aliniambia kwamba darasa la nne limefutwa. Nilijaribu kumweleza, lakini alikuwa ameshafungua mlango wa gari, na nadhani hata angenisikiliza isingesaidia kitu. Mzee wa kanisa alinifuata, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, asante. Leo nimejua mtoto wangu anasoma."

Sikuwa na moyo wa kumwambia. Baada ya siku ile niliendelea kufundisha miaka mingi, lakini kile kilichokuwa kinaniamsha asubuhi kilikuwa kimekwisha.

Kesho yake binti alikuja shuleni peke yake, amebeba jembe, njiani kwenda shambani. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Ilikuwa ukurasa wa kumi na tisa."

Nikamwambia najua. Akasimama kidogo, akingoja nimwambie aingie akae mahali pake, nami nikamwambia awahi shamba, jua litakuwa kali.