Zizi la Adui wa Bibi

Juzi nilipita kijijini kwetu, njia ya Mwimbi, nikakuta palipokuwa na zizi la jirani pamesimama ghala la mbolea. Ndugu yangu, damu ilinichemka. Mwenye ghala namtaja bila kupepesa macho: baba yangu mdogo.

Jirani alihamia na ng'ombe kutoka Usukumani. Bibi alimchukia tangu ng'ombe hao walipokanyaga ntumba zake, yale matuta ya mviringo tunayofukia majani yaoze. Akiwa anapepeta ulezi, aliweka ungo chini ili atukane vizuri. "Mbwa wewe na ng'ombe wako!" Jirani naye: "Mayu, huo mdomo ungekuwa jembe, ungelima mpaka Namanyere!" Mayu kwao ni mama. Heshima hiyo ndiyo ilimkera Bibi zaidi.

Likaja soko huria. Mbolea ya serikali ikakoma, ya dukani bei haishikiki. Mahindi yakawa ya njano, magunzi kama vidole, tukawa tunalala na uji. Dawa ilikuwa samadi, na samadi ilikuwa kwa adui. Bibi kumwomba? Bora afe.

Baada ya mavuno akatuamuru tuondoe miiba ya uzio wa shamba konani. "Na mimi sikuwaona," akasema. Ng'ombe wakamiminika kula mabua. Bibi akaketi kwenye kigoda, akaanza: "Toa takataka zako shambani kwangu, mwizi we!"

Jirani akaegemea fimbo. "Sitoi! Njoo unitoe, kikongwe!"

Wakatukanana hivyo mchana kutwa, kila mmoja akihakikisha hakuna ng'ombe anayeondoka kabla hajanya. Ile harufu ya mavi mabichi na vumbi la mabua ninayo puani hadi leo. Msimu uliofuata tulikula ugali tukashiba. Ikawa hivyo kila mwaka, na salamu hawakupeana hata siku moja.

Halafu baba mdogo akafungua duka la mbolea, akapata na uenyekiti wa kijiji. Akawafukuza ng'ombe, eti wanaharibu ardhi. Siku wanaondoka, Bibi alisimama njiani akimtukana jirani mpaka sauti ikakauka. Jirani akageuka: "Zizi nimekuachia, mchawi we! Zoa lote!"

Kesho yake Bibi alikwenda na karai. Akamkuta baba mdogo amekwishapazungushia uzio, anapima msingi wa ghala.

Tukangoja matusi. Bibi alimtazama tu mwanawe, akageuza karai, akarudi nyumbani. Mpaka anakufa sikumsikia tena akimtukana mtu.