Mama Mkwe Ndani ya Stoo

Hamtapata mjinga kunishinda mimi. Juzi ofisini kwetu Hurlingham, Nairobi, nilimcheka Wafula, tunayeshiriki naye meza, eti alikataa kumpa mama mkwe wake mkono.

"Wewe bado uko ushago, kule kijijini," nilimwambia mbele ya wote. "Mimi ni mtu wa mjini, wa mtaa wa Woodley. Hiyo mila ya kumtoroka mama mkwe nilimwachia babu."

Saa sita nikainua macho. Mapokezini alisimama mama mkwe wangu kutoka Bungoma, amekuja kuuliza habari za bima. Akaniona. Miguu yangu haikuomba ruhusa. Nilimwaga chai, nikakimbilia choo, nikakuta kimefungwa. Nikazunguka kwa nyuma, nikajitupa stoo na kupiga komeo. Msomi mzima na tai shingoni, nimebanana na maboksi kama kuku mgonjwa.

Mtu akakohoa gizani. Nikamulika kwa simu: alikuwa ni mama mkwe, aliyetangulia kuingia, amejifunika leso usoni. Naye alikuwa akinitoroka mimi.

Nikapiga yowe, nikafungua mlango. Wafula alikuwa amesimama pale pale, akaita ofisi nzima: "Kujeni muone mtu wa Woodley! Amejifungia na mama mkwe!"