Nilivyowatenga Kulwa na Doto

Msimamizi wa machimbo yetu alitaka karani, akanijaribu: niwagawe wachimbaji wanne kwenye maduara mawili, yaani mashimo ya dhahabu, ila ndugu wasishuke shimo moja, mama yao asije akawapoteza wote siku moja.

Mimi wa darasa la saba, mwenye haya, sikumuuliza mtu. Nilipoona Kulwa na Doto, majina ya mapacha, nikawatenga upesi. Kulwa nikampa Shija, Doto nikampa Juma. Nikasoma orodha kwa sauti.

Kulwa, kamba tayari kiunoni, akanikazia macho.

“Bwana mdogo, Doto huyu nimekutana naye hapa hapa. Pacha wangu analima pamba Kharumwa.”

Wakacheka.

“Na wewe Msukuma mzima,” akaendelea, “anayezaliwa baada ya mapacha anaitwa nani?”

Shija akainua mkono: “Ni mimi, mdogo wake.”