Mungu Anisamehe, Mungu Ananisamehe

Kanisani kwetu mimi ndiye mdomo wa filimu. Nafundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Makiso, mjini Kisangani, basi wazee wa kanisa walipoanza kuonyesha filimu Jumamosi mchana, walinipa maikrofoni na kiti pembeni ya shuka jeupe, niwatafsirie mama zetu ambao Kifaransa chao kinaishia kwenye bonjour. Filimu ikiisha, mhubiri wa vijana husimama na kuuliza Neno linasema nini juu ya tulichokiona. Nimetafsiri visa vya ndoa, vya wachawi, vya wachezaji mpira waliookoka. Sikuwahi kumwumiza mtu kwa kazi hiyo mpaka siku ya filimu ya bomu.

Ilikuwa filimu ya Wazungu iliyotiwa sauti za Kifaransa. Magaidi wameiba urani, wametengeneza bomu la atomiki linaloenea ndani ya sanduku la safari, na wanataka kuangamiza mji mzima. Kwa muda wa kufumba na kufumbua tunaonyeshwa urani ilikotoka: vumbi, watu wenye kandambili, ramani ya Afrika, kisha tunaachwa hapo. Nilikasirika mapema. Urani ya mabomu ya kwanza kabisa ilichimbwa katika nchi yetu hii, kule Katanga, na waliochimba walikuwa watu wetu. Leo katika hadithi tumepewa kazi ya kuwa vumbi. Lakini mtafsiri hana ruhusa ya kununa, basi nikatafsiri.

Ilipofika katikati, kanisa zima lilikuwa roho juu. Saa yenye nambari nyekundu ilikuwa inahesabu kurudi nyuma. Shujaa, mwanamume mwenye kidevu kigumu, amegundua kwamba bomu liko katika kituo cha treni chini ya ardhi. Akifunga mlango wa chuma, mlipuko utabaki chini na mji utapona. Mambo ya filimu hayo, msiniulize sayansi yake. Ila ndani ya kituo kuna watu, na mwanamke mmoja aliyebeba mtoto anakimbilia mlango huku akipiga kelele. Shujaa anamtazama. Anasema maneno machache, anabonyeza kitufe, mlango unajifunga.

Spika yetu imezeeka, na wakati uleule ilikwaruza. Nilichosikia ni hiki: Dieu me pardonne. Nikasema kwenye maikrofoni, kwa sauti yangu ya darasani: “Mungu ananisamehe.”

Watu wakashusha pumzi. Katika benchi la pili, tonton wangu alivua kofia akafunika uso.

Tonton ni mdogo wa baba, na ndiye aliyenilea. Alikuwa karani wa serikali, mtu wa Maniema aliyekuja Kisangani kwa kazi akazeekea hapa, mtu wa suti moja ya kijivu na viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Mwaka ule miguu yake ilikuwa imevimba na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba moyo umechoka. Nami peke yangu nilijua alichokuwa amekipanga: Jumatatu baada ya filimu ile, angekwenda kwa jirani yetu, mama muuza samaki, amwambie juu ya mlango.

Watu wa Kisangani hatuhitaji kuelezwa vita ya siku sita. Majeshi mawili ya kigeni yalipigana ndani ya mji wetu, na sisi ndio tuliokuwa nyasi. Hakukuwa na saa ya nambari nyekundu. Obus, ndivyo tunavyoyaita makombora, haikumhesabia mtu. Nilikuwa na miaka tisa. Tonton alitulaza watu kumi na mmoja katika stoo yake yenye dari ya zege, akapiga komeo mlango.

Siku ya tatu mtu aligonga.

“Papa, fungula! Niko na mutoto!”

Tulimjua kwa sauti. Ni mama huyo wa samaki, wa familia za mtoni za upande wa Yanonge, na mtoto alikuwa bintiye wa miaka saba, ambaye nilikuwa nikicheza naye nzango, ule mchezo wetu wa wasichana wa kuruka na kupiga makofi. Tonton hakufungua. Mimi nilikuwa na kifua. Alinifunika mdomo kwa kiganja chake kilichonuka sabuni na mafuta ya taa, nikakohoa mara moja humohumo ndani ya kiganja. Mama aligonga tena, akataja jina la Yesu, halafu akaacha. Hatukumaliza hata kupumua, obus ikaanguka uani. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Vita ilipokwisha, tonton alitoa tangazo kwa mtaa na kwa sisi wa nyumbani vilevile: “Tulikuwa Masako.” Yaani tulikimbilia msituni siku ya kwanza, na nyumba ilikuwa tupu. Tuliikariri kama katekisimu. Mimi nilizidi, niliipamba: niliwaambia wenzangu shuleni tulivyokula mihogo mibichi na tulivyokimbizwa na siafu. Hata leo nikisikia wanafunzi wa chuo kikuu wakisema wanakwenda Masako kwa utafiti wao, mimi hubadilisha mazungumzo.

Tonton hakumtolea mtu hesabu ya siku ile, lakini usingizi ulimkimbia. Alinunua samaki kwa mama yule hata siku ambazo hatukuwa na haja ya samaki. Paa la kibanda chake lilipong'olewa na upepo, alikwenda na nyundo bila kuitwa. Mara mbili alivaa viatu kusudi amwendee, mara mbili nikamwona anafika langoni kwa mama na kurudi. Kumeza mfupa ni kazi, na huu ulikuwa umekaa kooni miaka zaidi ya ishirini. Ndiyo maana Jumatatu ile niliingojea kwa hofu na kwa tamaa pia, maana komeo lilikuwa lake, lakini Masako ilikuwa yangu pia.

Basi filimu ikaisha, mji wao ukapona, helikopta zikaruka. Mhubiri akauliza: shujaa alifanya vema? Vijana wakanyoosha mikono mpaka benchi zikalia. Wote walisema vema. Wachache wafe, wengi wapone, ni hesabu rahisi, donc, yaani basi, shujaa ni mfano wa Mwokozi. Nilikaa na maikrofoni mapajani, kimya, na hilo nalijutia. Ningewaambia kwamba hoja ya afadhali mmoja afe kwa ajili ya wengi haikutoka kinywani mwa Bwana. Ilitoka kwa kuhani aliyekuwa akitafuta njia ya kumwua Bwana. Mwokozi hakubaki upande huu wa mlango na kidole kwenye kitufe. Yeye alikuwa upande ule, pamoja na yule mama na mtoto. Filimu haikulijua hilo, na mimi niliyelijua niliogopa uso wa tonton. Mama wa samaki alikuwa amekaa nyuma kabisa, mikono kwenye kitenge chake. Hakunyoosha mkono.

Nje, tonton alinishika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sura ilikuwa imefunguka, sura ambayo sikuwahi kuiona tangu utoto wangu.

“Umesikia yule mutu?” akasema. “Alifunga mulango, na palepale akasema Mungu anamusamehe. Palepale! Hakungoja hata kidogo. Donc inawezekana.”

Nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi kama mtu aliyeponya mgonjwa kwa bahati.

Jumatatu tonton hakuenda kokote. Jumatano niliiweka diski kwenye kompyuta ya shule, na visikilizio masikioni, ili niandike maswali ya vijana. Nikafika kwenye mlango wa chuma. Bila mkwaruzo wa spika, shujaa alisema: Que Dieu me pardonne.

Que. Neno dogo la herufi tatu. Likiwepo, sentensi ni ombi. Likimezwa, sentensi ni habari. Kwa Kiswahili chetu tofauti ni silabi moja tu: Mungu anisamehe, Mungu ananisamehe. Yule mtu alikuwa anaomba, wala filimu haikumjibu. Mimi ninayewapunguzia wanafunzi alama kwa sababu ya que nilikuwa nimeligeuza ombi kuwa cheti, na mzee amekipokea cheti akakitia mfukoni.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwake kumsahihisha. Nilimkuta anakula lituma, ndizi zilizotwangwa zikalainika, pamoja na samaki, naye alikuwa ameomba kuongezewa. Shangazi, dada yake aliyekuwa akimtunza, alininong'oneza kwamba siku hizi analala mpaka jua linachomoza.

“Tonton,” nikasema, “kwa mama, utaenda siku gani?”

“Ya nini?” Akafuta vidole. “Nimuamushie mama ya watu kidonda? Mungu alisha kumaliza ile mambo. Weye mwenyewe ulisema.”

Mimi mwenyewe nilisema. Sahihisho lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza pamoja na tonge la lituma. Nilijiambia mwache mzee apumzike, amelala vibaya vya kutosha. Hiyo ilikuwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba tonton akikiri, itabidi na mimi nieleze mihogo yangu na siafu wangu, na mimi ni mwalimu, watu huniamkia barabarani. Nilirudi nyumbani kwa toleka, baiskeli ya kukodi, nimeng'ang'ania kiti, nikijidharau njia nzima.

Jumapili ya tatu baada ya hapo tonton alikufa. Alikufa usingizini, na watu wakasema ni kifo cha mtu wa Mungu. Niliposikia neno hilo nilitoka nje.

Siku ya pili ya matanga, turubai limefungwa uani, mama wa samaki aliingia na beseni kichwani. Hakuniuliza kitu. Alivuta kigoda, akakaa mbele yangu kwenye kinu, akashika mchi wa pili, tukaanza kutwanga pondu. Kisamvu cha watu wengi hakina mwisho.

“Tonton yako alikuwa anakuja mpaka kwa barrière yangu, anarudia,” akasema. “Mara mbili nilimuona. Mimi nilikuwa nangojea.”

“Mama, sisi ile wakati tulikuwa...” Masako ilikuja yenyewe mdomoni, kama katekisimu.

“Acha, mutoto yangu. Nilisikia mutoto anakohoa.”

Mchi ulinisimama mkononi. Miaka yote ile alijua. Alituuzia samaki, aliketi nasi kwenye meza ya Bwana, alimshikia tonton ngazi siku ya paa, akijua kwamba nyuma ya mlango ule mlikuwa na kifua cha mtoto na kiganja cha mtu mzima.

“Twanga,” akasema. Nikatwanga. Baada ya kitambo akauliza: “Yule mutu wa filimu, kwa mulango. Alisema nini kabisa? Kwa Kifaransa.”

“Alisema Mungu anisamehe.”

“Anisamehe. Hapana ananisamehe.”

“Anisamehe, mama. Ni mimi nilikosea.”

“Donc alikuwa anaomba.”

“Alikuwa anaomba.”

Alitikisa kichwa taratibu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, machozi yakaingia kwenye majani na sikuweza kuyazuia.

“Ile siku ya filimu nilisema, leo atakuja,” akasema. “Niliona vile anafunika uso. Nilifagia, nikaweka kiti inje. Siku ya kwanza, siku ya pili. Nikasema labda miguu inamuuma.” Aliokota jani lililoruka, akalirudisha kinuni. “Toka mulango yake mpaka mulango yangu ni hatua makumi tatu. Mungu iko mbali kupita ile. Alienda kwa Mungu, mimi akaniacha na kiti.”

Nilimweleza basi, yote: spika, diski, que, lituma, jinsi nilivyonyamaza. Nilimweleza na mihogo ya Masako na siafu. Alisikiliza akiwa anatwanga, bila kunitazama, na wala hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza niliweka mchi chini. Nilitafuta sentensi yangu kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kutafuta sentensi yoyote, nikaitamka silabi kwa silabi ili safari hii isimezwe.

“Mama, unisamehe.”

Alinitazama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona macho yake kwa karibu.

“Ile siku nilikusikia,” akasema. “Na leo nakusikia.”

Kisha akamimina majani mengine kinuni, akangoja nishike mchi.