Kalenda ya Bia na Maji ya Moto

Mimi napenda bia na sioni haya kusema. Hapa Eldoret bado kuna wanaume wanaoagiza niletewe soda kabla sijafungua mdomo, nami huirudisha mezani kwao. Nina duka la mbegu na dawa za mifugo, nina nyumba niliyoijenga mwenyewe mtaani Yamumbi bila mume, na nina ulimi ambao haujawahi kunidanganya.

Kwa hivyo mdogo wangu, ambaye ni nesi Ujerumani, alijua anachofanya aliponitumia kalenda ya bia. Ni sanduku la karatasi ngumu lenye vidirisha ishirini na vinne, kila kimoja na namba yake, na nyuma ya kila kidirisha kuna kopo moja la bia kutoka kiwanda kidogo ambacho hata huko si kila mtu anakijua. Tarehe moja Desemba unafungua namba moja, tarehe mbili namba mbili, hivyo hivyo mpaka mkesha wa Krismasi. Nililetewa na mkimbiaji mmoja wa kambi za mazoezi za Kaptagat aliyekuwa anarudi kutoka mbio za huko. Alinikabidhi akiwa amekunja uso, akasema marathoni haijawahi kumuumiza mgongo, lakini sanduku langu limemweza.

Mdogo wangu alikuwa na sanduku kama hilo kwake. Kila jioni nikifunga duka tulipigiana simu ya video, tukafungua namba ya siku hiyo, nami nikataja kilichomo kabla yeye hajasoma maandishi ya kwenye kopo. Namba mbili nilisema dania na ganda la chungwa, ikawa hivyo. Namba tano ilinuka moshi kama kibuyu cha mursik, maziwa lala ya Wakalenjin, nikasema shayiri yake imekaushwa kwa kuni, ikawa hivyo. Namba saba ilikuwa kali, mdogo wangu akataka kuimwaga akidhani imeharibika. Nikamwambia atulie, huo ni ukali wa tunda, si wa kuoza. Akasoma akakuta imetiwa cheri, tunda ambalo mimi sijawahi hata kulishika. Yote niliyaandika kwenye daftari. Nilijiona sana siku hizo, na sijutii.

Aliyekuwa hapendezwi ni Baba.

Baba alikuwa kwangu tangu Septemba. Mama alituacha mwaka uliotangulia, na yeye akabaki peke yake nyumbani kwetu, upande wa Bungoma, mpaka jioni moja alipoteleza nyuma ya jiko akashindwa kuinuka. Alilala pale chini hadi asubuhi, mwenye kuleta maziwa alipomkuta. Nilienda kumchukua siku hiyo hiyo. Sikumuuliza, nilimpakia tu kwenye gari. Mguu ulipopona akaanza habari za kurudi.

"Mama," aliniambia, maana kwetu baba humwita binti yake hivyo, "mwanaume hakai kwa msichana wake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hata jembe umeninyima."

"Jembe liko, Baba. Shamba ndilo dogo."

Hakucheka. Hakuwa amecheka tangu tumzike Mama. "Krismasi ikiisha, naenda," akasema.

Mimi nimezoea kushinda mabishano. Hilo nilikuwa nashindwa, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilijua kabisa kwamba akirudi kule peke yake, safari nyingine mwenye maziwa atafika akiwa amechelewa.

Nilijaribu kumvuta kwa ile kalenda. Jioni ya kwanza nilimmiminia nusu glasi. Akaonja, akaiweka chini.

"Nani amekupimia hii?"

"Ni kalenda, Baba. Ni moja kila siku."

"Ya kumeza moja kila siku, tena peke yako, hiyo ni dawa ya TB." Akachukua fimbo yake akarudi kwenye benchi la getini, mahali aliposhinda kutwa akiangalia watu wakipita. Baada ya hapo kila nilipomkaribisha aliniuliza kama nimepona.

Siku ya namba kumi na tatu ilikuwa Jumamosi. Nilifunga duka saa nane. Nikiwa bado sijafika getini nikasikia sauti za wanaume ndani ya uwanja wangu, nikaongeza mwendo.

Kwenye nyasi palikuwa na nyungu yangu ya kupikia maharagwe, imejaa povu hadi ukingoni. Kando yake sanduku langu lilikuwa limepasuliwa vidirisha vyote, na makopo kumi na mawili yametupwa matupu. Wazee watatu walikuwa wamekaa kuizunguka nyungu: jirani yangu Mkalenjin anayefuga ng'ombe ng'ambo ya barabara, Mkikuyu mwenye duka la kona, na Mluhya mwenzetu mmoja, mlinzi wa shule aliyestaafu. Baba alikuwa amesimama katikati yao, ameshika thamosi yangu ya chai, anamimina maji ya moto ndani ya bia.

"Baba! Sasa umefanya nini?"

"Karibu, mama. Tulikuwa tunakungojea."

"Hizo ni za kunywa moja moja! Zimetoka Ulaya!"

"Pombe ya kunywa moja moja ni ya wezi," akasema, bila wasiwasi wowote.

Kwetu wazee hunywa malwa, pombe ya wimbi, wakiwa wameizunguka nyungu, kila mmoja na mrija wake, na maji ya moto huongezwa kila inapopungua. Baba alifanya vile anavyojua. Tatizo ni kwamba malwa haina gesi. Maji ya kwanza yalipoingia, kabla sijafika, bia za watu zilifura, zikapanda, zikamwagikia viatu vya mwenye duka, ambaye kwao hunywa muratina ya asali kwa pembe na hakuwa amewahi kukaa mbele ya nyungu. Baba alianza kunieleza jinsi mzee huyo alivyoruka, akashindwa kumaliza. Alijishika mbavu akacheka mpaka machozi.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimfokee wakati simu ilipolia. Nikamgeuzia mdogo wangu kamera aone balaa lenyewe.

"Huyo anayecheka ni nani?" akauliza.

"Ni Baba."

Akasogeza uso karibu na simu. "Dada, please, usiwafukuze."

Ndipo nikaona kwamba hakuna aliyekuwa amekunywa. Kila mzee alikuwa ameshika mrija wa karatasi, ule wa kunywea soda kutoka duka la kona, na yote ilikuwa mikavu.

"Tumekaa hapa karibu saa nzima," jirani yangu alilalamika. "Huyu mzee anatukataza. Anasema pombe ni ya mwenye boma, na mwenye boma hayuko."

"Mwenye pombe huonja kwanza," Baba akasema, "ndiyo wageni wajue haina ubaya." Akaninyooshea mrija.

Miaka yote ya utoto wangu Mama alipika malwa, na aliyeonja mbele ya wageni alikuwa Baba. Sikuwahi kuona mwingine akifanya hivyo nyumbani kwetu. Nilichuchumaa nikavuta. Kulikuwa na moshi, kahawa, chungwa, ukali wa tunda, na maji ya uvuguvugu yaliyoua kila kimoja. Ni bia mbaya kuliko zote nilizowahi kutia mdomoni. Wazee wanne walikuwa wananitazama usoni.

"Iko sawa," nikasema. "Karibuni."

Ni mara moja tu nimewahi kusema uongo kuhusu bia, na ningeusema tena.

Jumamosi iliyofuata walirudi wenyewe. Bia nilinunua mimi, na maji ya moto nikayapiga marufuku. Baba aliwapokea getini mmoja mmoja, akawaonyesha viti, akanituma njugu. Nilielewa basi kilichokuwa kimemkaa rohoni: mtu asiyekaribisha mtu anabaki mgeni, hata umpe chumba kikubwa namna gani. Krismasi ikaja ikapita. Hakusema neno juu ya kuondoka, nami sikuthubutu kuuliza.

Wiki ya kwanza ya Januari, asubuhi, tukiwa kwenye chai, akaniambia, "Ukipata mtu anatoka nyumbani, aniletee mrija wangu. Uko juu ya mlango."

Mrija wa mzee hauazimwi, na haukai mahali ambapo mwenyewe hakai. Nilimuuliza mlango upi, ingawa nilijua. Kisha nikampigia simu mwenye maziwa wa kule nyumbani pale pale, kabla hajageuza nia.