Kipimo cha Ngumi

Yule mama muuza soksi wa mtaani kwetu, hapa Shinyanga, hakuuzii soksi kabla hajatia mkono ndani ya kiatu chako. Hupapasa mishono kwa kidole gumba, polepole, huku akiguna. Kiatu kikibana, hukupa soksi nyembamba. Kwa mabuti ya mvua hukupa nzito. Soksi zake ni za sufu ya alpaka, huzinunua kwa wake wa Wazungu wa mgodini Geita wanaporudi kwao. Ukimuuliza alpaka ni nini, hujibu, "Kondoo aliyejinyoosha shingo." Kisha hukwambia ukunje ngumi, akaizungushia wayo wa soksi. Kisigino na ncha vikikutana, imekutosha.

Jana nilimpelekea viatu vya binti yangu Sikujua, anayetakiwa kupanda treni kwenda Mwanza kusomea uuguzi. Viatu hivyo vilimchubua visigino, akajifungia chumbani, akaapa haendi kuchechemea mbele ya wagonjwa. Nikatoa ngumi yangu. Muuza soksi akaisukuma kando. "Mama Sikujua, anayesafiri ni wewe?" Akabeba soksi zake, akaja nyumbani, akagonga mlango wa chumba.

"Niacheni, siendi!"

"Sijakwambia uende. Nataka ngumi."

Muuza soksi akasimama palepale, soksi mkononi, hakugonga tena wala hakunitazama. Mimi nilikuwa nimeuma pindo la kanga. Mara komeo likalia, mlango ukafunguka kidogo, na ngumi ya mwanangu ikatoka.